Wahka wa Bugonoka: Ugumba, Mimba na Uzazi katika Hadithi ya Aniceti Kitereza

Neno "mgumba" lina umri mkubwa. Mzizi wake wasikika kwa Wasukuma, kwa Waganda, kwa Warundi na kwa Wanyarwanda. Na mtu akilitamka Nemba, katika nchi ya Biharamulo na Ngara ambako Wasubi, Wahangaza, Wazinza, Waha na Wasukuma wamechanganyika, hana haja ya mkalimani. Sarufi haisemi kwamba mgumba ni mwanamke. Neno hili, kwa umbo lake, lafaa mume na mke sawasawa. Walakini desturi ya kusema imeamua vingine, na atajwapo mgumba, wasikiao huelekeza macho upande wa jikoni.

Kiswahili, kilichohifadhi kwa uangalifu jina la kumwita mwanamke asiyezaa, hakikuweka kwa uangalifu ule ule jina la yale yampatayo moyoni. Maneno ya jumla hayakosekani: wasiwasi, wahka, fadhaa, jakamoyo, simanzi. Hata neno "sonona", ambalo siku hizi hutumiwa na waganga wa maradhi ya akili, ni la jumla. Hakuna neno maalumu kwa hofu ya mke angojaye mimba isiyokuja, wala kwa ile ya mja mzito achelewaye kufurahi, wala kwa ile ya mzazi aliyejifungua salama na bado halali usiku. Kwa hofu hizi tatu mtu hana budi kutafuta hadithi badala ya neno. Na katika fasihi ya Kiswahili hadithi iliyozishika zote tatu kwa mfuatano mmoja ni ile ya Aniceti Kitereza, "Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali".

Historia ya kitabu hiki yajulikana. Kitereza, mtu wa Ukerewe aliyezaliwa mwaka 1896, aliimaliza hadithi yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Baada ya miaka mingi aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mtungaji alifariki mwaka 1981, kabla nakala zilizopigwa chapa hazijamfikia mkononi. Tafsiri ya Kijerumani ya Wilhelm Möhlig ilifuata kwa sehemu mbili, mwaka 1991 na 1993, na ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika mwaka 2002.

Hadithi ni ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, katika zama kabla ya utawala wa kigeni. Hata hivyo msomaji wa Biharamulo hasomi habari za ugenini. Kikerewe ni ndugu wa Kihaya na Kizinza. Masimulizi ya Ukerewe yenyewe yaeleza kwamba ukoo wa kifalme wa Wasilanga ulitoka Ihangiro, nchi iliyo jirani ya Biharamulo. Na Kitereza alisomea ujanani mwake katika Seminari ya Rubya, huko huko Ihangiro. Kwa damu ya lugha, kwa masimulizi na kwa elimu ya mtungaji, kitabu hiki kina mguu mmoja Kagera.

Aghalabu wahakiki wamekipokea kama ghala la desturi. Husifiwa kwa kuwa kimehifadhi namna ya kusalimiana, kupika pombe ya ndizi, kuvua, kuoa, kuagua na kuzika. Sifa hiyo ni ya haki, kwani mtungaji mwenyewe alitaka vijana wasisahau mwenendo wa wazee wao. Lakini sifa ya namna hii ina hasara yake. Kitabu kikisha kuwekwa katika rafu ya desturi, watu waliomo humo huwa vielelezo: Bugonoka huwa "mwanamke wa Kikerewe", machozi yake huwa "nafasi ya mtoto katika jamii", na dawa anywayo huwa "tiba za asili". Msomaji ajifunzaye hivyo atoka akijua mengi juu ya Ukerewe, wala hajui lolote juu ya Bugonoka. Ilhali kiini cha hadithi ni mke na mume wapendanao, wasio na mtoto, na hofu iliyoingia baina yao kwa mlango usio wao.

Hofu hiyo yaingia kwa maneno. Yafaa kuuangalia mwanzo wa hadithi kwa makini, kwa sababu mtungaji angaliweza kuanza na mwili, yaani na ugonjwa, dalili au miezi inayohesabiwa. Naye hakufanya hivyo. Alianza na ndugu wa mume wanaomsimanga mke asiyezaa na kumtaka mume atafute njia nyingine. Masimango yawafikia wazazi wa Bugonoka, nao wamchukua binti yao kumrudisha nyumbani. Mume hakumfukuza mkewe, wala mke hakumkimbia mumewe. Watengana kwa sababu ya kinywa cha watu. Nyumba yabaki na mwanamume asiye na mpishi, naye hapati kumrejesha mkewe mpaka aende kuwaangukia wakwe na kulipa faini ya pombe ya ndizi, jambo linalochukua kurasa nyingi na siku nyingi.

Wasomaji wa leo huzilalamikia kurasa hizo. Wasema hadithi haiendi: watu wasalimiana, wakaa, wala, wanywa, waaga, warudi tena. Lakini kungoja ndiko habari yenyewe. Mwanamke aliyerudishwa kwao hana kazi ila kungoja: kwanza angoja iwapo mume atakuja, kisha iwapo wazee watakubali, kisha iwapo pombe itatosha, na nyuma ya hayo yote angoja mtoto ambaye hakuna awezaye kumwahidi. Mtungaji hakuingia ndani ya moyo wake kama waingiavyo watungaji wa siku hizi. Hakumpa Bugonoka kurasa za kusema na nafsi yake. Alichofanya ni kumlazimisha msomaji angoje pamoja naye. Uchovu ampatao msomaji katika sura hizo ni sehemu ndogo ya uchovu wa mwenye kungoja.

Kutoka hapa hadithi yaingia katika dawa. Mganga Kibuguma amtibu Bugonoka, na mimba yapatikana. Hapo ndipo msomaji mwepesi hudhani kwamba shida imekwisha na kilichobaki ni furaha. Kitereza hafikiri hivyo. Mimba katika kitabu chake haipunguzi hofu, bali yaipa kazi. Kuna dawa za kunywa, kuna miiko ya kushika, kuna mambo ya kutotamka mapema. Mtu asipoangalia ataona hapo ushirikina mtupu, na mtu wa desturi ataona hapo urithi wa wazee. Kwa jicho la uhakiki miiko hiyo ina pande mbili. Upande mmoja yamsaidia mwanamke, kwa kuwa hofu isiyo na la kufanya humla mtu, na mwiko ni jambo la kufanya. Upande wa pili yamwekea deni, kwa kuwa jambo likiharibika, wa kwanza kuulizwa ni yeye: ulikula nini, ulipita wapi, ulisema na nani?

Pande hizo mbili hazipatikani Ukerewe peke yake. Ng'ambo ya pili ya ziwa, Waganda wana jina "amakiro" kwa maradhi ya akili yampatayo mwanamke aliyejifungua, ambayo katika imani ya zamani humfanya hata atamani kumla mtoto wake. Sababu yake husemwa kuwa ni uasherati wakati wa mimba. Daktari John Cox, aliyefanya kazi Uganda miaka ya 1970, alichapisha makala juu ya amakiro mwaka 1979. Waganda, kwa hivyo, walikuwa wameona kwa macho makali kwamba uzazi waweza kuvuruga akili ya mama, jambo ambalo nchi nyingine zilichelewa kulikubali. Lakini katika jina lile lile waliloliona kwalo, walitia na hukumu: aliyeugua atazamwe mwenendo wake. Mwanamke mwenye amakiro ana maradhi mawili, yale yaliyompata na yale anayodhaniwa kuyafanya. Ndivyo ilivyo miiko ya mimba katika hadithi ya Kitereza, nayo ni sifa ya mtungaji kwamba aliiandika yote bila ya kuipamba wala kuibeza.

Hofu ya tatu, ile ya baada ya kujifungua, ndiyo iliyofichika zaidi, na wahakiki wengi wameipita bila ya kuiona, ingawa imeandikwa juu ya jalada la kitabu. Imo katika majina ya watoto. Ntulanalwo, jina la mwana wa kiume, maana yake ni "nakaa nacho", nacho hicho ni kifo. Bulihwali, jina la binti, ni swali: huzuni itakwisha lini? Wazazi waliosubiri kwa miaka, wakadharauliwa, wakatengana, wakalipa faini, wakanywa dawa, sasa wamepata mwana wa kiume kisha binti. Na wakati wa kuwapa majina, hawakumwita mmoja Furaha na mwingine Baraka. Wamwita wa kwanza kwa kifo, na wa pili kwa huzuni isiyojulikana mwisho wake.

Wako watakaosema kwamba majina ya namna hii ni desturi tu, na kwamba hayana uzito wa moyoni. Ni kweli kwamba ni desturi. Majirani wa Ukerewe wanayo, na Waswahili wa bara na pwani wanayo pia. Nani asiyewajua akina Tabu, Shida, Mashaka na Masumbuko? Lakini desturi haiondoi maana. Desturi ni njia ambayo jamii huifungua ili jambo gumu lipate kusemwa bila ya msemaji kuonekana mwenye kasoro. Mama aliyejifungua salama haruhusiwi kulia. Majirani wamekuja na zawadi, wakwe wamenyamaza, mume aonekana mtu tena. Akisema kwamba anaogopa, ataambiwa hana shukrani. Basi hofu yake yatiwa katika jina, na kila amwitaye mtoto aitamka kwa niaba yake, asubuhi na jioni, maisha yake yote. Hapana ushahidi mwingine katika kitabu uonyeshao wazi kuliko huu kwamba kwa Kitereza kupata mtoto si mwisho wa wahka. Wahka umebadili sura tu: jana uliuliza kama mtoto atakuja, na leo wauliza kama atabaki.

Thamani ya jambo hili yaonekana zaidi kitabu kikiwekwa kando ya kingine kilichotoka kisiwa kile kile. Euphrase Kezilahabi, naye Mkerewe, alitoa "Rosa Mistika" mwaka 1971, miaka 26 baada ya Kitereza kuumaliza muswada wake na miaka 9 kabla ya kuchapishwa kwake. Katika hadithi ya Rosa tumbo la mwanamke halina tena wasemaji. Baba mkali amelinda binti kwa fimbo. Shule na chuo vimempa uhuru bila ya mshauri. Mimba ni siri, kuitoa ni siri, na mwisho wa siri hizo ni Rosa kujiua. Bugonoka asumbuliwa na watu wengi mno. Rosa aangamia kwa kuwa hana hata mmoja. Wa kwanza hana nafasi ya kuwa peke yake na huzuni yake, na wa pili hana pa kuipeleka. Haifai kusema kwamba zamani kulikuwa kwema na sasa kumeharibika, kwani watu wale wale waliomzunguka Bugonoka kwa dawa na pombe ndio waliomjeruhi kwanza kwa maneno. Lakini yafaa kusema kwamba katika hadithi ya kwanza jeraha lina utaratibu wa kuliponya, hata kama utaratibu huo ni wa polepole na wenye gharama. Na katika hadithi ya pili hakuna.

Baada ya sifa hizi, haki yataka kitabu kiulizwe swali gumu. Je, Bugonoka angalikuwa nani kama dawa ya Kibuguma isingalifaa? Kitabu hakina jibu. Hadithi yote imejengwa juu ya matumaini kwamba mtoto atakuja, na mtoto akisha kuja, masimango yapata jibu lake. Maana yake ni kwamba wasimangaji hawakushindwa, bali waliridhishwa. Hakuna mahali ambapo mtungaji aonyesha kwamba mwanamke asiyezaa kabisa aweza kukaa kwa heshima katika nyumba ya mumewe, akazeeka na akazikwa kama mtu kamili. Upendo wa Myombekere waelekea huko, kwa kuwa alimfuata mkewe kabla ya kujua kama atazaa. Lakini hadithi yageuka kabla upendo huo haujatiwa katika mtihani wa mwisho. Hapa ndipo mpaka wa Kitereza ulipo. Aliyaona maumivu ya mgumba kwa huruma kubwa, lakini hakuweza kuyatafutia dawa nyingine isipokuwa kuacha kuwa mgumba.

Mpaka huo una watu wengi nje yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba mtu 1 katika kila 6 duniani hupatwa na ugumba katika maisha yake, na sababu zaweza kuwa kwa mume, kwa mke, au kwa wote wawili. Buhaya kwenyewe jambo hili lilichunguzwa zamani: Audrey Richards na Priscilla Reining walifanya uchunguzi wa uzazi Buganda na Buhaya mwaka 1952, kwa sababu uzazi mdogo wa nchi hizo ulikuwa umewashughulisha watu. Kwa hiyo hadithi ambayo haina nafasi kwa asiyezaa yamwacha nje si mtu mmoja wa ajabu, bali jirani wa kila mtaa. Watungaji wa Kiswahili wa leo wana deni hapa. Laiti angalitokea mmoja akaandika habari za Bugonoka ambaye mtoto hakuja, na Myombekere aliyebaki!

Yaweza kuulizwa pia kwamba uhakiki wa hadithi wahusu nini na mwanamke wa Nemba anayekwenda kliniki na kadi yake mkononi. Wamhusu kwa upande wa lugha. Shirika hilo hilo hukadiria kwamba katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 15.6 kwa kila 100, na wanawake 19.8 kwa kila 100 baada ya kujifungua, hupatwa na maradhi ya akili, hasa sonona. Ili kuwatambua, madaktari hutumia orodha za maswali. Orodha ijulikanayo zaidi, ile ya Edinburgh yenye maswali 10, ilichapishwa mwaka 1987 na John Cox pamoja na wenzake Holden na Sagovsky. Naye Cox ndiye yule yule aliyewasikiliza wazazi wa Uganda kabla ya kuwauliza wa Scotland. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam ili kupima kama orodha nyingine ya maswali yafaa kwa wajawazito wenye virusi vya Ukimwi. Kazi hizi ni za maana sana. Lakini kila orodha ya maswali ni tafsiri, na kila tafsiri husimama au kuanguka kwa neno moja.

Mwanamke akiulizwa kama ana wasiwasi, aweza kukana, kwa kuwa wasiwasi kwa wengi ni kunong'onezwa na Shetani au kuwa na mashaka na mtu. Akiulizwa kama ana huzuni baada ya kujifungua, aweza kukana kwa adabu, kwa kuwa mwenye mtoto mikononi hapaswi kuhuzunika. Akisema kwamba ana "mawazo", msikilizaji asiyejua lugha atadhani kwamba anafikiri, ilhali mwanamke ameeleza ugonjwa wake kwa neno ambalo kila mama wa Tanzania hulielewa. Hata neno "uchungu" lina mitego yake, kwani ndilo jina la maumivu ya kuzaa na ndilo jina la moyo ulioumizwa, na hakuna awezaye kuyatenga mawili hayo bila ya kusikiliza sentensi nzima. Kitereza aliwasikiliza watu wake kwa sentensi nzima. Alijua kwamba mke aliyetukanwa hasemi "nimetukanwa", bali huacha kula. Na kwamba mama anayeogopa hasema "naogopa", bali humpa mtoto jina.

Kwa sababu hiyo mwanafunzi anayetaka kutafsiri maswali ya madaktari kwa Kiswahili angefanya vyema kukisoma kitabu hiki kabla ya kufungua kamusi, na mhakiki angefanya vyema kukitoa katika rafu ya desturi. Hadithi hii yahusu akili na moyo wa mwanamke katika nyakati tatu ambazo jamii humtazama tumbo zaidi ya uso. Mtungaji hakuwa na maneno ya kitaalamu, wala hakuyahitaji. Alikuwa na subira, na alikuwa na sikio. Na swali alilolifanya jina la binti bado laulizwa Biharamulo na Ngara na kwingineko, na wanawake ambao hakuna aliyewauliza habari zao.